Likizo ya Vyumba Kumi na Viwili

Mama mkubwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padre kwenye maungamo. Ile karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ua wetu niliisoma vibaya. Na nilipojua kwamba nimeisoma vibaya ulikuwa bado hai, nami nikanyamaza.

Karani wa mwenye nyumba aliibandika, akapanda lori la mpunga, akaondoka bila kutuambia neno. Ilikuwa ya Kiingereza. Wapangaji wa vyumba vyote kumi na viwili walitoka uani, nawe ukanisukuma mbele. "Soma, mwalimu wangu. Kwa sauti, siyo kama panya ndani ya debe." Niliona neno "vacate", na katika kitabu cha hadithi nilichoazima shuleni nilikuwa nimekutana na "vacation". Nikasema nyumba inatengenezwa, nasi tunapewa likizo mpaka masika yaishe, kisha kila mtu atarudi chumbani kwake. Hilo la kurudi halikuandikwa popote. Nililiongeza mwenyewe, kwa kuwa kila likizo niliyoijua ilikuwa na siku ya kurudi.

Ulicheka mpaka ukashika kiuno. "Likizo! Mimi tangu nizaliwe sijapewa likizo, hata ya kujifungua." Mama Tekla wa chumba cha pili akakujibu kwamba wewe hata likizoni utauza vitumbua.

Wiki ile jumbe alianza kuandika majina ya wanaotaka viwanja Lipangalala. Hukwenda. "Mwenye chumba hagombei kiwanja," ulisema, na Mama Tekla akakufuata kama alivyokufuata katika kila kitu.

Siku ya tisa baada ya karatasi kubandikwa, nilifungua kamusi ya mwalimu shuleni. Neno lile maana yake ni kuhama, kuacha mahali patupu. Nilirudi mbio nikiwa na maneno mdomoni. Nikakukuta unapaka mafuta kufuli la sanduku lako, unaimba, na ulikuwa umeshampelekea mama yangu habari Malinyi kwamba unakwenda kupumzika kwake kama mzungu. Niliketi kwenye kizingiti nikasema shikamoo. Basi. Shikamoo tu.

Ukavuka mto. Homa ikakukuta huko, na mama anasema mpaka siku ya mwisho ulikuwa ukimwuliza kama masika yameisha Ifakara, maana unataka kurudi chumbani kwako. Sijui kama nilikupa furaha au nilikuibia. Nikiwaza hivi najisamehe. Nikiwaza vile, chakula hakipiti.

Siku hizi nalala bwenini kwa masista. Leo nimepita pale kwetu. Huwezi kupatambua. Kuta zimebomolewa, na kila vyumba vitatu vimekuwa nyumba moja: madirisha ya vioo na wavu wa kuzuia mbu, sakafu nyekundu inayong'aa, bomba la maji ndani. Na choo, mama mkubwa, kiko ndani, mlango wake unatazamana na jiko! Wanasema ni makazi ya mainjinia wanaokuja kupima mto. Pale penye mafiga yako wamepanda maua, na kuna mtu ameajiriwa kuyamwagilia tu.

Mama Tekla na watoto wake wanakaa kwenye kibanda cha shambani kwa shemeji yake. Kila Jumamosi huja kuwauliza mafundi kama chumba chake kimekwisha. Wanamcheka: "Kimekwisha, mama, kimeliwa na sebule." Yeye hudhani ni mzaha. Anasema atarudi tu, kwani mtoto wa shule alitusomea. Na jumbe anafunga daftari la viwanja Ijumaa hii.

Wewe siwezi tena kukuambia uso kwa uso. Yeye naweza, na ninaogopa.

Kwaheri, mama mkubwa. Mungu akupe mahali ambapo hakuna wa kukuhamisha. Nakuahidi kwamba nisilolijua nitasema silijui, hata kama watu wote wananitazama.

Mwanao,
Restituta

Jumatano, baada ya shule. Nimekwenda. Nilimkuta Mama Tekla anapepeta mpunga, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Ungo ukatulia. Akauliza, "Na dada yangu, mama yako mkubwa, alijua?" Nikasema hakujua. Akajifunga khanga ya pili, tukaenda kwa jumbe. Nilimweleza jumbe kwamba kosa ni langu, si la mama huyu. Akaliandika jina lake chini kabisa ya ukurasa, kiwanja cha upande wa bondeni, ambako mafuriko ya mto hufika. Njiani alitangulia mbele yangu. Tulipofika kibandani nilichukua ungo nikapepeta mpunga uliobaki, naye hakunizuia.