Picha Thelathini na Sita za Mama

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Naanza na lile utakalolitafuta kabla hujamaliza kuchana bahasha: Mama hajambo. Anakula vyakula laini, analala vizuri, na jana amemfokea wifi yako kwa kufua mashuka yake bila kumuuliza, kwa hiyo ujue anapona. Sisi wengine ni wazima. Wewe je, na shemeji, na wapwa zangu? Mguu wako unaovimba ukisimama sana kazini umepungua, au bado unajifanya huumwi?

Najua utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu tunapigiana kila Jumapili. Kwenye simu nimeshindwa. Nimejaribu Jumapili tatu, na kila nikijikaza kusema, wewe unacheka, nami nageuza maneno. Karatasi haicheki. Nakuomba uisome mpaka mwisho ndipo unipigie, hata kama hasira zitakupanda katikati.

Unamkumbuka Mzee wa Magazeti, yule mpiga picha aliyekuwa akija studio ya Baba kubishana naye mpaka chai inapoa. Amestaafu, mikono inamtetemeka. Wiki chache zilizopita aliniita kwake akanikabidhi kamera yake ya mwisho nikae nayo majuma mawili. Alisema hataki imfie kabatini. Tukielewana, mimi na kamera, itabaki kwangu. Kwa sura ni ndugu kabisa wa ile ya Baba, nyeusi, nzito, imechubuka pembeni, ila ndani ni ya kidijitali, ina kadi badala ya filamu. Kwa kuwa wewe ulikuwa unakimbia chumba cha giza kwa harufu ya dawa za kusafishia picha, nikukumbushe inavyofanya kazi. Kwa kamera zetu za siku hizi unaona kile ambacho lenzi inakiona. Hii hapana. Unachungulia kwenye kidirisha cha juu pembeni. Lenzi iko kivyake, jicho lako kivyake. Katikati ya kidirisha kuna kimraba ambamo kila kitu kinaonekana mara mbili. Unazungusha pete ya lenzi polepole mpaka viwili vinakuwa kimoja, na hapo ndipo picha inatoka kali.

Siku ya kwanza nilirudi kuwa mwanafunzi. Nilimpiga picha fundi cherehani wa jirani, nikaupata mkasi wake umenyooka safi na yeye mwenyewe ukungu mtupu. Nilimsogelea kinyozi nikamkata nusu ya kichwa, maana kwa karibu kidirisha na lenzi havitazami mahali pamoja. Nilipomwonyesha picha aliniuliza kama kunyoa ni kazi yake au yangu. Lakini siku ya tatu mkono ukaanza kuzoea. Kamera yenyewe haina kishindo, inakohoa kidogo tu, na watu hawajikazi mbele yake. Nilimpata fundi viatu akiimba na misumari mdomoni. Nikaipenda, Dada. Nikaipenda vibaya.

Na hapo ndipo ubishi wangu ulipoingia. Kioo cha nyuma cha ile kamera unaweza kukigeuza kikatazama ndani, usione ulichopiga. Nikakigeuza. Nikajiwekea sharti la picha thelathini na sita tu kwa kila kazi, kama mkanda mmoja wa filamu. Mwanga nikaupima kwa macho kama Baba, ingawa kamera inaweza kupima yenyewe ukiiruhusu. Nilitaka kujithibitishia kwamba kile kipaji cha Baba kiko kwangu pia. Mzee wa Magazeti alinionya kwamba hii si kamera ya kukuambia ukikosea. Akanifundisha na mazoea yake: kifuniko cha lenzi kitoke kabla kamera haijafika usoni, kiingie mfuko wa shati, mfuko ule ule siku zote, na ukiguse kwanza humo mfukoni ndipo uchungulie. Nilicheka. Nikamwambia mimi nimezaliwa studio.

Haya, sasa ya hospitali. Sehemu yake unaijua. Ule uvimbe chini ya sikio la kushoto la Mama, daktari alisema lazima utoke, na mshipa wa fahamu unaochezesha uso unapita katikati yake. Alituambia bila kuzunguka: huenda wakalazimika kuukata, na wakiukata upande wa kushoto hautacheka tena. Nilikupigia kukueleza. Ukaniambia hujaomba kitu tangu uondoke, miaka tisa, ila hiki unakiomba: nimpige picha Mama akicheka kile kicheko chake, kabla hawajamkata, ili ukione hata kama hutawahi kukiona tena kwa macho. Nilikuapia.

Nilipanga Jumamosi, nyumbani, kwa raha zetu. Alhamisi mchana wakapiga simu kwamba ratiba imebadilika, Mama alazwe leo, anaingia chumba cha upasuaji kesho asubuhi na mapema. Ilikuwa mbio tupu. Wifi yako alinipa mkononi ile kamera ya kazini, ile ya kila siku, akasema kwa leo beba unayoijua. Nilimwambia asinifundishe kazi. Nilimwambia hivyo mbele ya Mama, Dada.

Wodini muuguzi alinipa dakika kumi. Kitanda cha Mama kilikuwa dirishani, mwanga wa saa kumi alasiri unaingia kwa ubavu, mwanga ambao ungelazimika kuuombea. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Nilivuta stuli, nikainua kamera. Mama akaniuliza mbona leo kamera yangu imefumba jicho. Nilidhani ananitania mimi, kwa vile nikichungulia nafumba jicho moja na mdomo unakwenda upande. Nikamwambia anyamaze acheke. Akacheka. Nikaanza kupiga na kuhesabu, moja, mbili, tatu, nikimsogelea, nikirudi nyuma, nikigonga meza ya dawa kwa kiuno. Mgonjwa wa kitanda cha pili akawa anachekea kicheko cha mwenzake bila kujua wanacheka nini. Nilipofika thelathini na sita muuguzi alikuwa ameshika mlango.

Upasuaji ulichukua saa sita. Ulipiga simu nikiwa kwenye benchi la korido, na swali lako la pili lilikuwa kama nimempata. Nikajibu ndiyo, nimempata, zote thelathini na sita. Ukalia kwa furaha. Baadaye daktari akatoka akasema uvimbe wote umetoka na si wa hatari, ila mshipa haukuokolewa. Mama akaamka na upande wa kushoto umelala.

Tangu hapo umekuwa ukiniuliza picha. Nilikuambia nazisafisha. Nikakuambia mtandao unasumbua. Nikakuambia namchagulia Mama ile moja. Jumapili iliyopita ukaniambia kwamba umeshanunua fremu na kuitundika sebuleni, tupu, juu ya kiti chako, na watoto wanauliza ni ya nani. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye hiyo fremu.

Dada, kuna kitu nimekiruka hapo juu. Nilipotoka wodini siku ile nilisimama koridoni nirudishe kamera mkobani. Nikapeleka mkono mfuko wa shati nichukue kifuniko. Mfuko mtupu. Nikajipapasa suruali, nikainama kutazama sakafuni, nikafikiri kimedondoka chini ya kitanda cha Mama. Nilikuwa nimeshageuka kurudi kumwomba muuguzi anitafutie. Ndipo nikaitazama kamera.

Kilikuwa mahali pake. Kilikuwa kwenye lenzi tangu nyumbani, kwa sababu mvua ilikuwa inanyunya nami nilikifunga nisiloweshe lenzi. Kwa kamera nyingine yoyote ningeona giza mara moja. Hii, kidirisha chake kilikuwa cheupe, Mama amejaa ndani anacheka. Ningeiachia ipime mwanga, kwa giza lile ingechelewa kujifunga baada ya kila picha, nami ningeshtuka kwa sauti tu. Ningekiacha kile kioo cha nyuma wazi, ningeona nyeusi kwenye picha ya kwanza. Njia zote hizo niliziziba mwenyewe, moja baada ya nyingine, nikizionea fahari.

Niligonga mlango wa wodi kwa ngumi. Muuguzi alifungua kidogo akasema wagonjwa wa kesho wanaandaliwa, na akiniruhusu mimi itabidi awaruhusu wote. Nilimwomba dakika moja. Nilimwomba nusu dakika. Nilimwonyesha kifuniko, kama kwamba angeelewa. Asubuhi nilifika kabla hakujapambazuka vizuri; walikuwa wameshamsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Picha thelathini na sita ninazo kwenye kadi mpaka leo. Zote ni nyeusi, Dada. Hakuna hata moja. Nisamehe. Na kama huwezi kunisamehe sasa, endelea kusoma tu.

Juzi Jumatano nilishindwa kuubeba mzigo huu peke yangu. Nilikaa kitandani kwa Mama nikamweleza yote, nikilia kama siku niliyovunja taa ya Baba. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, kwa maneno yanayotoka upande mmoja, kwamba alijua. Alikuwa mke wa mpiga picha miaka thelathini na moja, akaniuliza kama nadhani hajui kifuniko akikiona. Alijua tangu nilipoinua kamera, na akaniambia, mimi nikamwambia anyamaze.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mara ya pili. Alisema aliiona mikono yangu. Alisema angenisahihisha ningevunjika pale pale, naye angeingia kwenye kisu na machozi yangu kichwani. Isitoshe picha ya kuagana hakuitaka, wala hakuulizwa. Wewe na mimi tulipanga kwenye simu kama watu wanaogawana vyombo vyake. Kwa hiyo akaamua acheke tu, kwa ajili yangu, kwa vile nilikuwa namtazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Maneno yake yenyewe ni haya: "Umeniona, hujaniona? Basi mwambie dada yako ulichokiona. Mdomo unao, mkono unao."

Basi nakuambia. Kilianza machoni. Macho yalijikunja kabla mdomo haujajua. Halafu ile kona ya kushoto ikapanda, ile inayotangulia siku zote, na ya kulia ikabaki nyuma ikifikiria, ikafuata ikiwa imechelewa. Pua ikajikunja mara mbili. Pengo likaonekana, naye akajaribu kulificha kwa ulimi akasahau. Kwenye kimraba cha kidirisha walikuwa Mama wawili waliopishana kidogo, nikazungusha pete na mkono mbovu mpaka wakawa mmoja, na nilipompata mmoja nilisahau kupumua. Karibu na ya ishirini kidevu kilitetemeka, akakibana, akacheka tena kwa nguvu zaidi mpaka chozi likamtoka jicho la kulia akalifuta kwa kiganja. Ile ya mwisho hakucheka. Alinitazama tu, moja kwa moja kwenye kile kifuniko cheusi, kama mtu anayemtazama mwanawe akiwa usingizini. Ndivyo ilivyokuwa. Duniani nimeiona mimi peke yangu, na sasa umeiona na wewe.

Kamera nilitaka kuirudisha kwa Mzee wa Magazeti. Nilimweleza yaliyonipata nikitegemea anitimue. Alisema kila aliyewahi kuishika kamera ya namna hii ana mkanda wake mweusi mahali, na hakuniambia wa kwake ulikuwa wa nani. Akanirudishia mkononi akafunga mlango.

Ndani ya bahasha hii kuna picha moja. Nyuma nimeiandika thelathini na saba. Ni Mama alivyo leo: kona ya kulia, ile mvivu, imepanda peke yake, na ya kushoto imetulia. Nimeitazama sana. Usiogope kuitoa. Anasema uitie kwenye fremu yako ukipenda, ila anasema pia kwamba miaka tisa ni mingi, uso anao na anaishi nao hapa hapa, na anayeutaka aufuate.

Alikubali kupigwa kwa sharti lake mwenyewe. Nilipovuta stuli na kuinua kamera, aliniambia nisubiri. Akanyoosha mkono, akanipapasa mfuko wa shati, akakigusa kifuniko humo ndani. Ndipo akaniambia haya, piga.

Wifi yako anakusalimu. Mzee wa Magazeti anakusalimu, ingawa jina lako amelisahau anakuita yule mwenye kelele. Mama hakutumi salamu, anasema atakusalimu ukifika. Wabusu wapwa zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi.