Mbwa wa Luteni

Aures, 20 Mei 1962

Mdogo wangu Messaoud,
Sisi wazima, hofu kwako huko Ufaransa na moshi wa hicho kiwanda. Aprikoti zimeiva, shemeji yako Yamina anakuanikia.
Unasema nikimbie kabla Wafaransa hawajaondoka. Najua, nimewapigania miaka minne, na wapigania uhuru walioshinda wananijua kwa jina. Lakini Luteni, mkubwa wetu Mfaransa, amekula kuskusi kwangu, akaapa hapandi lori bila sisi. Kwao ni Lille, jirani yako. Hata mbwa wake nimemlea mimi tangu mdogo. Nimemwita Izem, na haitiki ila kwa lugha yetu.
Kaka yako, Lakhdar

Roubaix, 2 Juni

Kaka, shikamoo.
Mimi mzima, kikohozi tu. Mtu akila kwako ndiyo amekuwa ndugu? Mchukue Yamina mpande meli, kitanda nimeshawatafutia. Na bunduki usimpe mtu.
Mdogo wako

Aures, 19 Juni

Messaoud,
Tuko hai. Bunduki nilishaitoa. Luteni alisema turudishe za zamani, kesho tupewe mpya. Kesho yake lori zikawashwa. Tukakimbilia na mabunda yetu, akasema amri imetoka juu, nafasi hakuna. Tuliong'ang'ania tukapigwa vidole kwa vitako vya bunduki. Izem akapandishwa mbele, kando ya dereva.
Nilikuwa mjinga, sema tu. Yamina yuko kwa baba yake, mimi najificha ghalani. Kambi ya Wafaransa iliyobaki inampokea mwenye barua ya ofisa wake. Mtafute Luteni, aandike mistari miwili tu.
Kaka yako

Roubaix, 8 Julai

Kaka, shikamoo.
Nimempata leo, nje ya nyumba yake, na mbwa. Nikamtajia jina lako. Akasema hakukumbuki, mlikuwa wengi. Nikaita, "Izem, njoo," kwa lugha yetu. Mbwa akamponyoka, akaja kunilalia miguuni. Luteni akauliza jina hilo nimelijuaje. Nikamwambia aliyempa ni ndugu yangu, na sasa yuko ghalani anangoja kuchinjwa.
Aliandika palepale, hakunitazama. Barua imo humu. Kimbia nayo.
Mdogo wako

Aures, 3 Agosti

Shemeji Messaoud,
Baba ananiandikia. Sisi tupo, hatuli. Barua yako imefika. Lakhdar walimchukua ghalani tarehe tano Julai, na tumeshamzika.
Karatasi ya Luteni nakurudishia, umpe mwenyewe. Ukimwona Izem usimwite tena. Atadhani Lakhdar yupo.
Shemeji yako, Yamina