Chupa Niliyoisahau Mkobani

Jumanne, mwezi wa saba. Kijijini Pito.

Kumbe nimekuwa nikidanganya bila kujua. Kila daktari wa kifua aliponiuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?" nilijibu hapana. Ile chupa ya presha ya macho sikuihesabu. Kwangu mimi dawa ni kidonge au sindano. Tone la jicho linaishia jichoni.

Leo kliniki nimeitoa mkobani nikitafuta kadi, daktari akaiona. "Umeanza lini hii?" Mwezi wa tatu. "Na kifua kimezidi lini?" Nikahesabu kwa vidole: mwezi huohuo.

Kumbe tone huteremka puani likaingia kwenye damu, na dawa ile hubana njia ya hewa kwa mwenye pumu kama mimi. Ameshauriana na mwenzake wa macho, nimebadilishiwa. Hii mpya nayo itanirefushia kope, na macho huenda yakawa mekundu. Sawa tu. Naogopa zaidi upofu uliompata mama, aliyekufa akipapasa kuta za nyumba yake mwenyewe.

Kinachoniuma ni Baba Neema. Miezi yote hii nimemfokea mume wangu kwamba vumbi la maharage yake ndilo linaniua. Nikamfukuza akapurie kule bondeni, kwenye upepo na baridi hii, na mgongo wake ule. Akachukua fimbo yake ya kupuria, akashuka.

Jioni nimefagia mbele ya mlango, nikatandika turubai la kupuria maharage. Akasimama na fimbo yake. "Na kifua chako?"

"Pura tu, Baba Neema."

Samahani yenyewe imenikwama kooni, na safari hii sina vumbi wala dawa ya kusingizia.