Shemeji kaimalizia ndege ya baba

Shoga, nina hasira mpaka chakula hakipiti!

Unaikumbuka ile ndege ya kivita ya plastiki, ya kuunganisha, aliyoitunza baba tangu ujana wake? Tumeijenga naye wiki nzima. Kilibaki kioo cha rubani tu. Akasema, "Hicho nitakibandika mwenyewe."

Nimerudi kazini, shemeji kashakibandika! Kwa gundi ya viatu! Kioo kimekuwa cheupe, rubani haonekani.

Eti, "Mzee mikono inamtetemeka, nikawamalizia."

NIKAWAMALIZIA! Mbele yake!

Nikamfokea mpaka dada akatoka mbio jikoni kumtetea mumewe.

Baba akanishika mkono. "Mwache, mwanangu. Anasema kweli."

Miaka yote hii ya kutetemeka alikuwa akikataa kwamba anaumwa. Leo kakubali, kwa sababu ya yule mjinga!