Plagini ya Ngozi

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mama goti linamsumbua ila mdomo hauna shida, kila siku anauliza kama unakula. Wewe hujambo? Nimeamua kukuandikia kwa sababu nikikupigia simu unasema "nimeshika kazi" kisha unanikatia.

Kompyuta ya studio imekufa, ile uliyokuwa ukiipiga kofi ubavuni ndipo iwake. Tumenunua nyingine na kuweka toleo jipya la programu ya kuhariri picha. Kila kitu kipo, isipokuwa plagini yako ya ngozi, ile programu ndogo ya nyongeza ya kulainisha nyuso. Nimeitafuta kwenye menyu mpaka macho yananiuma. Na imepotea wakati mbaya: chuo cha uuguzi kimetupa picha za wahitimu wote, na wakiridhika watatupa kazi zao za mwaka mzima. Nikiharibu hapa, sijui kodi ya studio nitaipata wapi.

Nimepata mtu wa kunisaidia kusafisha picha. Tunamwita Miwani. Mpole, na mkono wake mzuri sana. Anasema plagini iliyotoka nje ya programu haihami yenyewe, lazima uihamishe. Nielekeze basi.

Dada yako

5 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya. Mwambie mama nakula, tena nakula vizuri, na goti alikande kwa maji ya moto. Kazi yangu ni ile ile, kusafisha picha za viatu kwa ajili ya katalogi. Tangu nifike huku sijalainisha uso wa binadamu hata mmoja. Soli na kamba, kamba na soli.

Plagini ni jambo dogo. Chomoa diski ya ile kompyuta iliyokufa, iunganishe na mpya, ingia kwenye folda ya plagini ya toleo la zamani, nakili faili lake, ulibandike kwenye folda kama hiyo ya toleo jipya. Funga programu, uifungue upya. Basi. Hapo hapakuhitajika Miwani.

Na huyo Miwani katokea wapi? Anakalia nini, kiti changu? Miaka yote nimekusafishia picha sijawahi kusikia kwamba mkono wangu mzuri. Nilichosikia ni "punguza muziki." Sikufichi dada, wivu umenishika. Mimi nilisafiri kutafuta maisha, sikusema nimehama.

Mdogo wako

8 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amekanda goti, anakushukuru.

Nilifanya ulivyosema na plagini haikutokea. Nikafunga, nikafungua, nikazima hata umeme. Kumbe nilichonakili si faili lenyewe, ni ile alama ndogo ya njia ya mkato uliyokuwa umeiweka kwenye skrini. Miwani alicheka mpaka akavua miwani kuifuta, kisha akalitafuta faili lenyewe akalileta. Sasa plagini iko kwenye menyu.

Lakini haifanyi kazi. Ukilainisha uso inaupiga chapa ya kampuni katikati ya paji. Wauguzi wetu wote wanafanana na maboksi ya mzigo. Miwani ameulizia kwa wenye plagini, wakamjibu kwamba leseni ni ya kompyuta moja tu, na bado inaitambua ile iliyokufa. Mwenye akaunti ndiye anayeweza kuiachia, na mwenye akaunti ni wewe. Ingia ubonyeze pale palipoandikwa "achia", ni kazi ya dakika moja. Miwani anashauri baada ya hapo tuiandikishe kwa anwani ya studio, ili tusikusumbue kila inapogoma.

Na kiti chako anakikalia, ndiyo. Ulitaka akae sakafuni?

Dada yako

9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na msalimie mama.

Nisumbueni! Nani kakwambia nasumbuka? Plagini ikigoma si ndiyo unanikumbuka? Mwezi uliopita wote sikupata neno lako hata moja, mpaka kompyuta ilipokufa. Leo Miwani kaleta faili, Miwani kaulizia, Miwani anashauri. Kesho ataniandikia yeye na kutia sahihi "dada yako."

Nina wazo zuri zaidi. Nitumie hizo picha, nizisafishe mwenyewe jioni nikitoka kazini. Nyuso za wauguzi nazijua, hata za wale wa mwaka juzi nilizisafisha mimi. Akaunti tuiache ilivyo.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Tuko wazima.

Picha moja inachukua nusu saa kupanda kwenye mtandao wetu. Nikianza leo kukutumia, wahitimu watastaafu kabla hazijafika. Chuo kinazitaka kabla ya tarehe ishirini. Achia leseni. Sikuombi figo.

Dada yako

16 Machi

Mdogo wangu,

Umenyamaza. Najua hujaumwa, maana mama ulimjibu. Sawa. Tutasafisha kwa mkono.

Dada yako

30 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mama mzima, na studio nzima. Huku kazi zilinizidi. Wameniletea buti.

Leseni nimeiachia asubuhi hii. Nilikuwa nangoja nafasi nitulie nayo. Sasa mnaweza kuiandikisha kwa anwani mnayotaka, ya studio, ya jirani, shauri yenu.

Chuo kilisemaje? Najua picha zile si za kusafisha kwa mkono, nyuso nyingi mno, na taa za ukumbi wao zinatoa kila kipele. Kama kazi imeenda kwa wengine niambie tu, nitakutumia chochote nilicho nacho. Kama Miwani ameshindwa akaondoka, hilo pia niambie. Halitaniumiza.

Nijibu, dada. Kimya chako nimekiona.

Mdogo wako

14 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Sote wazima, goti la mama limepona, anapanda ngazi kama msichana. Nilichelewa kukujibu kwa makusudi, nilitaka nawe uonje.

Leseni tumeiona, asante. Ilipofika picha zilikuwa zimeshatundikwa chuoni. Chuo kimependa. Mkuu wao alisema safari hii wahitimu wanafanana na wao wenyewe, na mwaka mzima ni wetu.

Sasa sikia tulivyozimaliza. Kompyuta ni moja, nyuso chungu nzima. Tulivuta benchi tukaketi bega kwa bega, mimi macho na meno, yeye ngozi, tukipokezana kipanya. Mama alikuwa anatuletea chakula hapo hapo. Tangu aje, Miwani alikuwa mtu wa kumaliza kazi, kuaga na kwenda kwao, maneno yake nilikuwa sijui hata yanafananaje. Kwenye lile benchi ndipo aliponiambia kuhusu marehemu baba yake, ndipo nilipomwambia kuhusu baba yetu. Alikuwa akikuta kovu kwenye uso wa muuguzi ananiuliza, "Hili tuliache? Labda analipenda." Nikaanza kungoja hilo swali.

Ameshakuja kuzungumza na mama. Nimekubali. Harusi ni mwezi wa sita.

Mama anacheka mpaka analia. Anasema plagini ingewaka siku ya kwanza, Miwani angemaliza kazi zake alasiri akaniaga, na mimi ningezeeka na skrini yangu. Anasema wa kushukuriwa ni wewe.

Nataka picha za harusi uzipige wewe, na uzisafishe wewe. Sitaki mtu mwingine. Hata mkono wake, ingawa ni mzuri, siutaki kwenye picha hizo. Utakuja?

Dada yako

17 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma, nikaifunga, nikasafisha jozi nzima ya makubazi, nikaifungua tena. Bado imeandikwa vile vile.

Wivu haujaisha. Ulikuwa wa kiti, sasa ni wa benchi, nyumba na ukoo mzima. Niliinyima studio leseni ili asizoee kukaa, na sasa atakaa mpaka mezani kwa mama sikukuu zote. Tena mama anacheka! Mwambie nimekasirika.

Ruhusa kazini nimeshaomba, wamenipa. Nitakuja na kamera yangu.

Msalimie shemeji. Neno hilo nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena, na sasa naliacha kabla sijabadili nia. Mwambie uso wako nitausafisha kwa mkono, polepole, hata kama itanichukua mwezi. Wake sitaugusa. Utabaki na kila chunusi iliyomo, na kama hana, nitamwongezea moja puani.

Mdogo wako