Vitambaa Vyekundu vya Yesenia

Aquitania, Jumapili baada ya misa

Wifi yangu mpendwa Nubia,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi na vitunguu. Naomba barua hii ikukute na afya, na yule mzee unayemtunza huko Madrid awe ameacha kukurushia vijiko. Sisi tupo. Kaka yako Arnulfo anakusalimu; yuko shambani anafunga vitunguu vya kupakiwa kesho. Mama naye anakusalimu, ila hajui ninachokuandikia, na ndiyo maana sikupiga simu. Simu ikilia nyumba hii, unamjua, anasogeza kiti. Barua nimempa binti wa jirani yetu Rosalba anayepanda ndege Alhamisi, na nimemwapisha akukabidhi mkononi.

Uliniuliza kama zile karatasi za kutandika ndani ya nepi ulizotutumia zilifaa, nami nikakaa kimya kama mtu asiye na shukrani. Nisamehe. Acha nianzie hapo hapo, kwa sababu yote yaliyotupata yamepitia kwenye nepi za mtoto.

Kusema kweli mimi nilizipenda. Unatandika moja, mtoto akichafua unanyanyua karatasi na mzigo wake, nepi inabaki na mkojo tu. Lakini mama alipozishika alicheka mpaka akakohoa. Alisema Nubia amekaa Ulaya mpaka amesahau kwamba mtoto hafungwi kwenye karatasi kama jibini ya dukani. Tukajaribu hivyo hivyo. Wifi, zilijisokota zikawa kamba katikati ya mapaja ya Yesenia, choo kikapanda mgongoni, kikafika kwenye poncho alilovaa Arnulfo, naye akasimama jikoni mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. Kisha akaenda kuitupa ile karatasi chooni, choo kikaziba siku mbili. Zilizobaki zipo kabatini.

Tukajaribu melimeli, nyepesi, inakauka upesi, lakini haizuii kitu. Mwisho nilikata blanketi jeupe, lile laini la dukani, na hilo ndilo nililolichagua mimi: mkojo unapita chini, choo kinabaki juu, ukikikung'uta kinadondoka chenyewe. Mama akakataa katakata. Alisema kinachogusa ngozi ya mtoto mchanga lazima kiwe chekundu, la sivyo jicho baya litamkausha. Alikata mashati ya flaneli ya marehemu baba yenu, yale mekundu, akayapindia mwenyewe kwa sindano. Flaneli inashika vizuri, siwezi kuinyima sifa yake, ila kwa baridi yetu hii haikauki upesi. Tulizianika juu ya jiko mpaka nyumba nzima ikanuka moshi na mkojo.

Katika kukata huko alikata pia shati la Arnulfo la Jumapili, lile la bluu nzito. Arnulfo alipoona shati la ndoa yake limefungwa kwenye makalio ya binti yake, alitaka kulia. Mama akamjibu bila kugeuka kwamba mtoto anahitaji nguo kuliko yeye, na kwamba kama angekuwa anaenda misa kila Jumapili shati lisingekuwa limekaa bure. Tulicheka sana siku ile. Mimi nilidhani mashati mekundu yamemwishia.

Na arobaini ya nyumba yenu unaikumbuka. Nilitiwa pamba masikioni na kitambaa kichwani, dirisha likafungwa na pazia likashushwa ili baridi isiniingie mifupani, nikalishwa supu ya kuku asubuhi na chokoleti ya moto jioni. Maji baridi nisiyaguse hata kwa kidole. Kazi yangu ilikuwa kunyonyesha humo gizani. Mtoto akichafua, mama anambeba, anambadilisha kitandani kwake, kisha anaenda kufua kwenye birika la saruji nyuma ya nyumba, mikono imemwiva kwa baridi. Mama yangu mzazi mwenyewe, Mungu amrehemu, asingenitunza zaidi ya hapo. Kila siku nilimuuliza mtoto amepata choo gani, na kila siku aliniambia kizuri, cha manjano, kama kiini cha yai.

Arobaini ilipoisha nilifungua pazia. Ilikuwa imenyesha mfululizo na vitambaa vyekundu vyote vilikuwa bado vimelowa, kwa hiyo nikachukua vile vyeupe vyangu kabatini. Nilipombadilisha mtoto pale dirishani, nikaona. Choo kilikuwa hakina rangi, Nubia. Kilikuwa kama jibini mbichi iliyopondwa, nusura nisikione juu ya kile kitambaa cheupe. Na mkojo, ambao kwa mtoto wa maziwa unapaswa kuwa kama maji, ulikuwa umeacha doa la rangi ya maji ya sukari guru. Nikamgeuzia uso kwenye mwanga. Macho yake yalikuwa ya manjano.

Tulikwenda zahanati mimi na mama, maana Arnulfo alikuwa mashambani ng'ambo ya ziwa. Daktari, kijana mpole, alimpapasa tumbo akauliza choo kilikuwaje kabla ya siku ile. Kabla sijafungua mdomo mama akajibu kwa sauti ile yake ya kanisani kwamba kilikuwa cha manjano siku zote, yeye ndiye anayefua, na amefua nepi tangu daktari huyo hajazaliwa. Daktari akapumua. Alisema kama ni hivyo basi huenda ni umanjano wa maziwa tu, wengi wanao, tumrudishe baada ya wiki moja. Mama alifurahi njia nzima. Mimi sikuweza kufurahi, na sikujua kwa nini.

Asubuhi iliyofuata nilikitia kitambaa kilichochafuka ndani ya mfuko wa plastiki, nikapanda basi na mtoto kwenda hospitali ya Sogamoso bila kungoja hiyo wiki. Hapa katikati kuna jambo nimeliruka. Nitalirudia, usinikimbize.

Daktari wa Sogamoso, mwanamke, alifungua ule mfuko, akausogeza kwenye taa. Aliniuliza mtoto ana umri gani. Siku hiyo hiyo tulikuwa ndani ya gari la wagonjwa tunakwenda Bogotá. Huko walitueleza kwamba njia ya kupitisha nyongo kutoka kwenye ini la Yesenia imeziba, tangu tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa, na kwamba hatukumlisha wala kumnywesha kitu kilichomdhuru. Walisema wamfanyie upasuaji upesi, ikiwezekana kabla hajafikisha miezi miwili, kwa sababu kila siku inayopita ini linaharibika. Tungengoja ile wiki, miezi miwili ingekuwa imetukaribia sana. Arnulfo alipofika alitia sahihi, kisha akaenda akasimama ameelekea ukuta, kofia mkononi, mabega yanamtikisika. Kaka yako huyo aliyecheka alipovunjika mkono.

Alipasuliwa asubuhi nzima. Daktari alipotoka alituambia sasa tunangoja rangi. Wameunganisha utumbo na ini. Choo kikitoka na rangi, nyongo inapita. Kikiendelea kuwa cheupe, alisema, basi tutazungumza habari ya kutafuta ini la mtu mwingine, na hapo akamtazama Arnulfo, akamtazama mtoto.

Kwa hiyo tulingoja rangi. Hospitali ilitoa nepi zake za kutupa, lakini mimi ndani nilitandika vitambaa vyangu vyeupe, nisije nikadanganywa na mwanga wa zile taa. Mama alikuwa amekuja na Arnulfo, hakuna aliyethubutu kumzuia. Ndiye aliyevifua, kwenye sinki la nyumba ya wageni. Kila nikimbadilisha mtoto, mama anakipokea kitambaa, anakishika kwa mikono miwili, ananiuliza: rangi gani? Namwambia cheupe, mama. Anakwenda kufua. Anarudi. Rangi gani? Cheupe, mama. Muuguzi mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa nini yule bibi anauliza kitu alichokishika mwenyewe.

Basi hili ndilo nililoliruka.

Asubuhi ile kabla ya basi nilimfuata mama jikoni nikiwa na hasira. Nilimnyanyulia kitambaa mbele ya mlango, kwenye mwanga, nikamwambia atazame vizuri aniambie kama hicho ndicho choo cha manjano alichomwambia daktari. Akainua uso. Akasema ndiyo, kizuri tu, manjano kama ya jana, Marleny unajitia wasiwasi bure. Nikashusha macho. Kwa haraka zangu nilikuwa nimenyanyua kitambaa kisafi, Nubia. Kilikuwa hakijavaliwa. Kilichochafuka nilikuwa nacho kwenye mkono wa pili, nyuma yangu.

Mama haoni. Anaona kivuli cha mtu mlangoni, anaona dirisha, basi. Nilipomwambia nilichokishika alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Alisema ukungu ulimwanza mwaka aliozikwa baba yenu ukawa unaongezeka kidogo kidogo. Alifua kwa vidole na kwa pua. Alisema manjano kwa sababu choo cha watoto wote aliowahi kuwafulia kilikuwa cha manjano, wewe na Arnulfo pia. Nyumba anaijua kwa miguu, vitambaa alivichagua kwa kuvipapasa, na shati la Arnulfo lilikuwa flaneli kama yale mengine.

Nilimkasirikia, wifi, nisikufiche. Nilimtamkia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimuuliza imekuwaje akamdanganya daktari mtoto akiwa mikononi mwake. Alisema hakudhani kuwa anadanganya, alidhani anasema kile kilichopo. Kisha akasema kwamba wewe ulimwambia kwenye simu, siku ile alipounguza mkono, kwamba macho yakiharibika utamtafutia nafasi kwa masista wa Sogamoso, wanakotunza wazee. Na halafu, akasema, nani anampa kipofu mtoto mchanga? Hapo akasimama, akanivalisha shali yake, akanisukuma mlangoni, akaniambia nikimbie basi lisiniache.

Arnulfo aliambiwa na mama mwenyewe, pale pale kwenye korido ya hospitali, tukingoja. Alimweleza yote bila kupunguza. Kaka yako akaenda mpaka mwisho wa korido, akarudi. Mwishowe akauliza: kwa hiyo hata lile shati langu? Mama akasema hata shati. Wakaanza kucheka, kisha wakawa wanalia, wameshikana kama watu wa msibani, na mimi katikati yao na mtoto.

Rangi ilikuja siku ya nne, alfajiri. Nilifungua nepi nikaona doa dogo la kijani, si kubwa kuliko ukucha. Niliwasha taa ya pili. Lilikuwa la kijani kweli. Mama alikuwa amelala kwenye kiti, nikamwekea kitambaa mikononi naye akaamka akauliza kama alivyozoea, rangi gani. Nikamwambia kijani, mama. Akaniambia nisimtanie, yeye ni mzee. Nikaapa. Alikishika kile kitambaa, akakinusa, akakiweka kifuani na uchafu wake wote, wala hakutaka kukitoa kwenda kukifua.

Hatujavuka bado, nisikudanganye. Tunarudi Bogotá kila mwezi, anakunywa dawa, na daktari ametuambia rangi inaweza kupotea tena. Kwa hiyo vyekundu nimevifunga kwenye boksi na sasa tunatumia vyeupe peke yake. Kwa ajili ya jicho baya mama amemfunga uzi mwekundu mkononi, na mimi sijaukata. Macho ya mama yana mtoto wa jicho, yanapasuliwa siku hizi, lakini anasema Yesenia atangulie kupona ndipo macho yake yafuatie. Tutambembeleza.

Sasa ombi langu, wifi yangu. Mama hakunituma. Anakuogopa wewe kuliko daktari. Usimpeleke kwa masista, wala usilitaje tena kwenye simu. Najua umechoka huko, na ulisema kwa kumpenda. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kumtoa nyumbani, na sikumtoa. Bado anafua yeye. Kila kitambaa namtajia rangi yake kabla hajakitia majini.

Wasalimie wote unaofanya nao kazi. Jifunike vizuri, na karatasi zako nitakapozipatia kazi nitakuambia. Ukipiga simu Jumapili, usimuulize macho yanaonaje. Muulize tu Yesenia leo ametoa rangi gani. Anaijua.

Wako akupendaye,
Marleny