Nilivyomlilia Mwami

Jumanne, 28 Januari 2025

Leo nimefanywa mama wa mfalme! Elvis, yule kijana wa kanisani anayepiganga video za harusi, amenikuta jikoni nachambua mboga ya mrenda. Anataka kutengeneza filamu ya Mwami Lukhoba, mfalme wa zamani aliyechomwa mkuki na mjomba wake. Mwanangu Oliver atakuwa Mwami, kwa sababu ya urefu wake. Mimi niwe mama yake. "Mama, si utakaa tu vile uko." Na ndugu yangu Lazarus ndiye awe mjomba muuaji. Hapo nimecheka hadi mwiko ukaanguka. Lazarus! Mtu ambaye kuku akichinjwa anaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Philemon amesema, haya, ukoo wenu umepewa kazi unayoiweza. Mume wangu anapenda utani. Lakini miaka ishirini na minne nimeolewa hapa na utani ni huo huo. Mimi nimezaliwa kwa watu wa yule mjomba. Nimeolewa kwa watu wa Mwami. Matangani bado kuna mzee huniambia, mama Oliver, usikae karibu na chungu.

Nimekubali. Bwana anisamehe kama ni majivuno.


Alhamisi, 30 Januari

Elvis ametusomea hadithi kutoka kwa karatasi. Oliver akamuuliza, hii umetoa kwa nani? Kwa watu, akasema. Watu gani sasa!

Kwa sababu kwetu nyanya yangu alisimulianga hivi. Mwami Lukhoba alikuwa mkatili, alichukua ng'ombe za wajomba zake na akaua watatu waliokataa. Siku moja akaja kwa mama yake kunywa pombe ya busaa. Chungu kimoja, mirija mirefu, watu wamezunguka. Alipoinama kuvuta mrija, mjomba akamchoma shingoni. Damu ikaingia kwa chungu. Wazee wakamuuliza mama, ni nani? Mama akanyamaza. Wakachoma kijiji kizima, watoto na kuku, na bado akanyamaza.

Mama mkwe wangu, Mungu amlaze, alisimulia kwamba mama alitaja ndugu yake saa hiyo hiyo, na ni huyo ndugu peke yake aliyechomwa moto ndani ya nyumba. Ndiyo maana kwao huyo mama ni shujaa.

Na pale mjini, kwa ukuta wa hoteli ya karibu na soko, wamemchora Mwami mkubwa kama ng'ombe, mkuki umetokea upande wa pili. Mama amechorwa nyuma, anaangalia kando. Mchoraji hakutaka taabu, nafikiri.

Nimemuuliza Elvis, wako atafanya nini? Akasema, wangu atalia tu, nitakata hapo.


Jumapili, 2 Februari

Damu leo uwanjani mwa kanisa. Kweli damu.

Ibada imeisha, tunasalimiana, kaka yetu mkubwa Osundwa akaingia langoni na binamu wawili. Hakusalimia mtu. Akamwendea Elvis na kumpiga ngumi ya mdomo. Jino likatoka! Elvis ameanguka kwa maua. "Mnatuita wauaji kwa mdomo, mkatuchora kwa ukuta, sasa mnataka na kwa simu za watoto!" Binamu mmoja akampiga teke la mbavu akiwa chini. Vijana wa upande wa mume wangu wakaokota mawe. Akina mama tukavuta watoto ndani.

Lazarus ndiye aliingia katikati. Amepata jiwe la bega lakini akabaki amesimama na mikono juu. Akasema, kaka, ni mchezo. Mimi ndiye nimekubali. Kama ni aibu ni yangu.

Osundwa akatema mate. Akanigeukia mimi. "Na wewe Jescah? Utamlilia nani?"

Nimerudi nyumbani. Zaburi ya ishirini na tatu mara mbili.


Jumatano, 5 Februari

Wamepiga picha ya kuua. Elvis ameleta damu ya ng'ombe kutoka buchari, ndani ya mtungi wa mafuta ya kupikia. Nzi!

Lazarus alishindwa. Mara nane. Anainua mkuki wa mbao, anafika shingoni, anausimamisha. Oliver ameinama na mrija mdomoni, mwishowe akasema, "Khotsa, niue vizuri bana, mgongo unauma!" Tukacheka wote. Khotsa ni mjomba kwetu, lakini Oliver humwita hivyo kama mtu anayemwita rafiki yake. Tangu akiwa mdogo Lazarus ndiye alimfundisha baiskeli, akamfundisha kuogelea mtoni.

Ya tisa ikatoka. Oliver akaanguka ubavu, damu imejaa shingo na sikio, jicho moja wazi. Niliona mtoto wangu amekufa. Nilijua ni damu ya buchari. Niliinunulia mtungi mimi mwenyewe! Lakini nimetapika kando ya mti.

Lazarus alikuja kunishika mgongo, mikono yake myekundu hadi kwenye viwiko. Akasema, dada, hii kazi ikiisha sitakula nyama mwaka mzima.


Jumamosi, 8 Februari

Siwezi kuandika. Ee Yesu.


Jumapili, 9 Februari

Sikuenda kanisani. Naandika ili kichwa kiache kuzunguka.

Picha ya kilio ilipangwa Jumatatu. Mzee wa mtaa angetangaza kwanza, ili watu wasishtuke. Lakini mwenye fahali wa kuletwa kwenye kilio akasema fahali wake anapatikana Jumamosi tu, Jumatatu anapelekwa kupigana na fahali mwenzake. Elvis akabadilisha. Kila mtu aliyekuwa hapo akafikiri mwenzake ameambia majirani. Nami nikafikiri hivyo. Philemon alikuwa ametoka alfajiri kukata miwa ng'ambo ya mto, simu yake imezima iko hapa kabatini.

Walifanya kila kitu kama kilio cha mtu mkubwa. Isukuti, ngoma zote tatu. Pembe. Fahali akaletwa na matawi kwenye pembe zake, anakwaruza udongo. Hapa kwetu ukisikia hivyo na hujaambiwa, huulizi. Unaacha jembe unakimbia.

Oliver amelazwa juu ya ngozi, damu mbichi imepakwa upya. Lazarus amesimama nyuma na mkuki, amevaa ngozi, mikono myekundu, anangoja kukamatwa na wazee wa filamu. Mimi nilitakiwa nilie, "Lukhoba! Mwanangu Lukhoba!" Tulikuwa tumefanya mazoezi.

Nikapiga magoti. Nzi ametua kwa mdomo wa mtoto wangu, naye hakutingisha. Hapo nikasahau. Sijui ni nini. Nikalia, "Wuuui! Oliver! Oliver wangu! Lazarus amekuua! Ndugu yangu ameniulia mtoto!"

Elvis hakunisimamisha. Niliona kwa pembe ya jicho ananionyesha dole gumba. Endelea, mama!

Nikaendelea. Bwana, nikaendelea! Na sauti yangu inajulikana, mimi ndiye huanzisha pambio. Ilivuka mto.

Wa kwanza walitokea kwa shamba la miwa kama wanyama wamefukuzwa na moto. Watu kumi na tano, ishirini. Mipini ya majembe, mawe. Mbele yao Philemon, panga ya miwa mkononi, shati limepasuka. Hakuniangalia. Alimwona Oliver chini, akamwona Lazarus na damu.

Lazarus alisema, "Mulamwa, ngoja..." Hivyo ndivyo huitana, shemeji na shemeji. Akainua mkono. Panga ikapita kwa mkono. Niliona vidole vinaanguka kwa majani, sikuelewa ni nini. Ya pili ikaingia kati ya shingo na bega, na ikatoa sauti kama ya kukata muwa. Kisha mawe. Kisha mipini. Mtu ninayekaa naye kwaya alimpiga usoni na kiatu chake.

Oliver akaruka juu. "Baba! Niko mzima! Baba!" Wanawake wawili walikimbia wakipiga nduru kwamba maiti imeamka. Fahali akakata kamba, akakanyaga ngoma, akatoweka kwa miwa.

Philemon akaacha. Akamshika Oliver uso kwa mikono miwili, akampapasa, akampapasa, akimpaka damu ya kweli juu ya ile ya buchari. Wale wengine wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Kufumba na kufumbua hakuna mtu. Mawe tu.

Nilimfunga Lazarus kwa leso yangu na vazi la mama wa mfalme. Tukampeleka hospitali kwa pikapu ya maziwa. Njiani alisema neno moja tu, "baridi". Hajasema lingine tena.


Jumatatu, 10 Februari

Bado hajaamka. Mkono wa kushoto wameukata. Mke wake amekaa upande wa pili wa kitanda na hataki nimpe maji.

Osundwa alinikuta koridoni. Alidhani nitasema umati. "Usiniambie umati, Jescah. Umati hauna panga ya miwa. Nataka jina. Usipolitoa, tutachukua mtu yeyote wa hapo ulikoolewa. Hata Oliver, si ni wa huko?"

Kamera ya Elvis iliangushwa, ilipiga nyasi tu. Sauti yangu imo. Mtu ameshaisambaza kwa simu, na watu wameandika kwamba mama huyu anajua kuigiza!

Polisi wameuliza majirani. Hakuna aliyekuwepo. Wote walikuwa sokoni. Oliver amewaambia alikuwa amefunga macho. Nilimwangalia, akaangalia viatu vyake.

Philemon halali kitandani. Anakaa kitini. Jana alikula kwa sababu nilimwekea chakula mbele. Alisema jambo moja: "Mama Oliver, ulilia jina." Nikamwambia, najua. "Ungelia Lukhoba," akasema, "ningeendelea kukata miwa yangu."


Jumatano, 12 Februari

Alfajiri, usingizi haujatoka machoni, vijana wa Osundwa wamechoma miwa yetu upande wa mto. Moshi bado unaingia ndani. Jirani mmoja alipigwa rungu akijaribu kuzima, taya limevunjika. Osundwa ametuma ujumbe: hayo ni ya kuanzia.

Sajini Chepng'etich wa polisi amekuja saa nne. Mwanamke mpole, ananiita mama. Akanywa chai. Akaniambia daktari hana tumaini kubwa, na Lazarus akienda, hii inakuwa kesi ya mauaji. Nikamwambia, andika jina langu. Mimi ndiye nilileta wale watu, kwa mdomo wangu. Akatikisa kichwa. "Mama, kulia si kosa. Ni nani alishika panga?" Nikaomba niandike maelezo mwenyewe, pole pole, nina darasa la nane tu. Akaniachia karatasi mbili. Atarudi saa tisa.

Karatasi sitaki kuziharibu. Najaribu hapa kwanza.

Mimi Jescah Ayuma, mkristo, mkulima, nasema ya kwamba siku ya Jumamosi

Hapana. Upya.

Mimi Jescah Ayuma, dada wa Lazarus na mke wa Philemon

Haifai kuweka wote wawili hapo juu. Au inafaa? Sijui polisi wanapendanga vipi.

Mimi Jescah Ayuma. Tarehe 8 Februari nilikuwa naigiza mama wa mfalme. Nililia jina la mtoto wangu. Watu walitoka kwa miwa, na aliyekuwa mbele

Nimeomba. Nimesoma Mithali, nimesoma Yakobo. Nikinyamaza, Osundwa atachagua mwenyewe, na Oliver hupita kwao kila siku kwenda kazini. Nikisema, namfunga baba yake maisha, mtu aliyekimbia kuvuka mto kwa sababu mimi nilimwita. Na ndugu yangu amelala na mkono mmoja. Ee Bwana, hata nikimwacha Philemon nje ya karatasi, mkono haurudi.

na aliyekuwa mbele alikuwa

Philemon ameingia sasa hivi kutoka kwa majivu ya miwa. Amenawa, amevaa shati la Jumapili. Amesimama nyuma ya kiti changu. Hana miwani, na bila miwani hasomi, anajua hivyo na mimi najua.

Ameuliza, umefika wapi?

Nimemwambia, nimefika pale uliposikia ninalia.

"Basi andika," amesema. Lakini hajaondoka. Mkono wake uko juu ya bega langu, unanuka sabuni, na nimevuta karatasi ya sajini karibu.